Mlinzi wa Kitabu ni Nani?

Pana hoja moja iliyozoeleka mno miongoni mwa wasomi, wa ng'ambo na wa hapa kwetu, hata imekuwa kama kanuni isiyodaiwa ushahidi. Yasema kwamba Mwafrika ni mtu wa kusema wala si mtu wa kuandika. Na kwamba pale palipobahatika kuwa na maandishi, yalisalimika kwa sababu mgeni alifika, akayaona, akaitambua thamani yake, akayachukua kwenda kuyahifadhi. Mwenyeji katika hadithi hiyo ni mtu aliyelalia hazina pasi na kujua. Mgeni ndiye mwokozi. Shabaha ya makala haya ni kuipinga hoja hiyo, na kuonyesha kwamba madhara yake hayaishii kwenye heshima yetu peke yake, bali yanaiharibu hata kazi yenyewe ya kuhifadhi.

Mfano wangu ni Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Jina hilo si geni pwani: kila mtoto aliyepita chuoni amesikia habari za Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliyewapa hifadhi Waislamu wa kwanza waliohama Makka mwaka 615. Nchi hiyo ina herufi zake yenyewe na lugha yake ya kale ya maandishi, nayo ni Gi'izi. Lugha hiyo imekwisha kuwa si ya mazungumzo ya nyumbani kwa karne nyingi, lakini haijakoma hata siku moja kusomwa, kuimbwa na kutungiwa mashairi katika makanisa na monasteri zake.

Katika jimbo la Tigray, karibu na Adwa, mahali ambapo mwaka 1896 majeshi ya Menelik yaliwashinda Waitaliano, ipo milimani monasteri iitwayo Abba Garima. Watawa wake wana vitabu viwili vya Injili vilivyoandikwa kwa Gi'izi juu ya ngozi, na kupambwa kwa picha za rangi. Masimulizi ya monasteri yasema kwamba viliandikwa na Abba Garima mwenyewe, mmoja wa watakatifu tisa waliofika Uhabeshi katika zama za kale, na kwamba Mungu alilizuia jua lisituwe mpaka alipomaliza kuandika kwa siku moja. Wataalamu walipokuja kuvitazama hawakuyajali masimulizi hayo. Kwa kuangalia picha na mwandiko walikadiria kuwa vitabu ni vya karne ya 11 au ya 12. Kisha vipande vidogo vya ngozi vikapimwa kwa njia ya kaboni huko Oxford. Vipimo vikaonyesha kuwa vitabu hivyo ni vya kati ya karne ya 4 na ya 7. Yaani vimo miongoni mwa vitabu vya kale kabisa vya Injili vyenye picha vilivyosalia duniani.

Sisemi kwamba jua lilisimama. Nasema kwamba kwa habari ya umri wa vitabu, watawa walikuwa karibu na ukweli kuliko maprofesa. Kwa muda wa zaidi ya miaka 1,300, kabla ya mtaalamu yeyote wa kigeni kupanda mlima ule, kuna mtu aliyejua kitabu ni kipi, kimewekwa wapi, na nani ana ruhusa ya kukifungua. Mwishoni mwa miaka ya 1940 msanii mmoja wa Kiingereza, Beatrice Playne, alikwenda kuviona. Kwa kuwa monasteri ile haiingiwi na mwanamke, watawa walivitoa wakampelekea nje avitazame, kisha wakavirudisha ndani. Haya si matendo ya watu wasiojua walicho nacho.

Hebu tuitazame elimu yenyewe ya kuhifadhi, maana watu wengi hudhani kuwa uhifadhi ni ghala lenye mitambo ya baridi. Ngozi ya mbuzi hulowekwa, hukazwa kwenye fremu ya miti, hukwanguliwa manyoya na mafuta, hukaushwa, kisha hukatwa kurasa. Wino mweusi hutengenezwa kwa masizi. Wino mwekundu huwekwa akiba kwa majina matakatifu. Kalamu ni ya tete. Kurasa hushonwa kwa uzi na kukingwa kwa mbao mbili, na kitabu kilichokamilika hutiwa katika mfuko wa ngozi wenye ukanda, kikatungikwa kwenye kigingi ukutani. Mwalimu wa sayansi atawaeleza wanafunzi wake kwa nini: kitabu kilichotungikwa kiko mbali na mchwa, mbali na unyevu wa sakafu, mbali na panya, na hewa hukizunguka pande zote. Huu ni utaalamu, ijapokuwa haukupewa shahada.

Lakini ngozi na kigingi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni msomaji. Kitabu kisicho na mtu wa kukisoma ni ngozi ya mbuzi tu. Kanisa la Ethiopia limeitunza kwa karne nyingi shule ya ngazi kadhaa: kwanza kusoma, kisha uimbaji, kisha ushairi, kisha tafsiri ya vitabu. Mwanafunzi huiacha nyumba ya wazazi wake, huenda kijiji cha mbali kwa mwalimu mashuhuri, akaishi kwa chakula cha kuomba mlango kwa mlango, na wengine hukaa katika elimu hiyo miaka ishirini au zaidi. Ushairi wao, uitwao qene, una kanuni inayonigusa mimi niliye mtunzi: wao huuita nta na dhahabu. Sonara hufinyanga umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akaiyeyusha nta, kisha akamimina dhahabu mahali ilipokuwa. Vivyo hivyo shairi lina maana ya juu, ambayo ni nta, na maana ya ndani, ambayo ni dhahabu. Kila ibada hutungiwa qene mpya, na iliyokwisha kuimbwa hairudiwi. Sisi tuliolelewa katika mafumbo ya washairi wa Mvita na Lamu hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Nataka tu mwalimu aone kwamba nyuma ya kila kitabu kilichotungikwa ukutani wamesimama watu wanaoweza kukisoma, kukieleza, kukinakili na kukitungia jibu.

Faida ya ulinzi huo haikuwa ya Wahabeshi peke yao. Kipo kitabu kiitwacho Kitabu cha Henoko, ambacho katika Biblia Waraka wa Yuda unayataja maneno yake. Wakristo wa Ulaya walikipoteza kwa karne nyingi. Mwaka 1773 msafiri wa Kiskoti, James Bruce, alirudi kutoka Uhabeshi na nakala tatu za kitabu hicho kwa Gi'izi. Na mwaka 1821 Richard Laurence akaitoa tafsiri yake kwa Kiingereza. Walikuwapo walioshuku kama kweli ni kitabu cha kale. Lakini katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yaliyogunduliwa kati ya mwaka 1947 na 1956, vilipatikana vipande vyake vya Kiaramu vilivyoandikwa kabla na karibu ya zama za Yesu. Hata hivyo, hivyo vilikuwa vipande. Kitabu kizima, toka mwanzo hadi mwisho, kimesalia katika Gi'izi peke yake. Basi na tuulize: ni nani hapa aliyemhifadhia mwenziwe?

Sasa tuangalie upande wa pili, yaani upande wa yule anayeitwa mwokozi. Mwaka 1868 jeshi la Waingereza chini ya Robert Napier liliingia Maqdala, ngome ya Mfalme Tewodros wa Pili. Tarehe 13 Aprili mfalme alijiua ili asitiwe mikononi mwa adui. Ngome ikaporwa. Vitabu ambavyo Tewodros alikuwa amevikusanya kwa ajili ya kanisa la Medhane Alem vilipakiwa juu ya tembo na nyumbu pamoja na mataji na misalaba, na siku chache baadaye vitu hivyo vikanadiwa katika uwanda wa Dalanta. Miongoni mwa wanunuzi alikuwamo Richard Holmes, mjumbe wa British Museum. Hati takriban 350 ziliingia katika nyumba hiyo, nazo sasa zimo katika maktaba ya taifa ya Uingereza. Mwaka 1872 Mfalme Yohannes wa Nne aliandika barua akiomba arudishiwe Kebra Nagast, kitabu cha utukufu wa wafalme. Kikarudishwa. Walikuwa na nakala mbili.

Mfano wa pili ni wa Misri, katika Monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya mlima wa Sinai. Mwaka 1844 mtaalamu wa Kijerumani, Constantin von Tischendorf, aliondoka hapo na karatasi 43 za Biblia ya Kiyunani ya karne ya 4. Baadaye akasimulia kwamba alizikuta katika kapu la takataka za kuchomwa moto. Watawa wamekanusha kisa hicho, na hakika ni vigumu kuamini kwamba watu waliokitunza kitabu kwa karne nyingi wangengoja kukichoma siku ya kufika mgeni. Mwaka 1859 alirudi akichukuliwa dhamana na Kaisari wa Urusi, akapewa sehemu kubwa iliyobaki kwa hati ya maandishi ya kwamba itarejeshwa. Haikurejeshwa. Mwaka 1869 ilitiwa saini hati nyingine ya kuitoa zawadi kwa Kaisari, nayo mpaka leo inabishaniwa. Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti ikaiuza kwa British Museum kwa pauni 100,000. Leo karatasi 347 ziko London, 43 ziko Leipzig, vipande vingine viko Urusi, na nyingine, zilizopatikana mwaka 1975 ndani ya monasteri yenyewe, ziko Sinai. Kitabu kimoja kimegawanywa katika nchi nne. Kama huku ndiko kuhifadhi, kuharibu kukoje?

Sisi watumishi wa serikali tumelelewa na msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika masjala, faili likitoka bila kuandikwa, huhesabiwa kuwa limepotea, hata kama limelala salama katika kabati la mkubwa. Wala mkubwa yule hawezi kujitetea kwa kusema kwamba kabati lake lina kufuli bora kuliko la masjala. Faili lina mahali pake, kwa sababu kazi yake iko hapo.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa: je, Wahabeshi wenyewe hawakuchoma vitabu? Walichoma. Katika vita vya Ahmad Gran, kati ya mwaka 1529 na 1543, makanisa mengi yaliteketezwa pamoja na hazina zake. Tewodros mwenyewe aliwanyang'anya makasisi wa Gondar vitabu vyao kwa nguvu. Katika vita vya Tigray vilivyoanza Novemba 1920 na mia moja yake, yaani mwaka 2020, hadi Novemba 2022, zilitoka habari za makanisa na monasteri kuporwa. Na wapo watu wa ndani waliouza hati kwa watalii kwa bei ya chumvi. Yote haya ni kweli, na mwandishi anayeyaficha haisaidii hoja yake.

Lakini na tuipime hoja kwa kipimo kimoja. Mwaka 1914 askari wa Kijerumani waliichoma moto maktaba ya Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, yenye hati nyingi za kale. Ikajengwa upya kwa michango iliyokusanywa Marekani, na mwaka 1940 ikateketea tena katika vita vya pili. Je, alitokea mtu kusema kwamba Wabelgiji hawana uwezo wa kutunza vitabu, na kwa hiyo vilivyosalia vipelekwe Addis Ababa? La hasha. Walijengewa maktaba. Maafa yaliyomkuta Mzungu yalikuwa sababu ya kumsaidia. Maafa yaliyomkuta Mwafrika yamekuwa sababu ya kumnyang'anya. Hiyo ndiyo kasumba ninayoipinga. Akipenda, chongo huita kengeza.

Wala simkatai mgeni. Ingekuwa upumbavu kumkataa, na mifano ya ushirikiano mwema ipo. Mwaka 1973 ulianza mpango wa kuzipiga hati za Ethiopia picha za mikrofilmu, kwa ushirikiano wa Kanisa na serikali ya nchi hiyo na maktaba ya watawa wa Collegeville, Minnesota, huko Marekani. Maelfu ya hati yalipigwa picha. Picha zikasafiri, vitabu vikabaki. Na aliyezisoma picha hizo na kuziorodhesha kwa miaka mingi alikuwa Mhabeshi, Getatchew Haile, mwanafunzi wa zile shule za kanisa nilizozieleza. Alipigwa risasi mwaka 1975 katika misukosuko ya mapinduzi, akapooza miguu, na toka mwaka 1976 akafanya kazi huko Minnesota hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2021. Kadhalika vitabu vya Abba Garima vilipohitaji kutengenezwa katika miaka ya 2000, mafundi wa kujalidi kutoka Uingereza waliifanya kazi palepale monasterini mbele ya macho ya watawa. Fundi alikifuata kitabu. Kitabu hakikumfuata fundi.

Lakini hapo pana mtego mpya, na vijana wetu wa leo wanaoona picha za hati katika kompyuta wajihadhari nao. Wako wanaosema: madhali picha ipo, asili ikae popote. Picha ni shahidi, na shahidi ana thamani kubwa. Kitabu kikiibwa, picha itamuumbua mwizi. Hata hivyo picha haimfundishi mtu kusoma Gi'izi. Kinachomfundisha ni mwalimu, na mwalimu yuko pale kitabu kilipo, kwa sababu kitabu ndicho kilichomweka. Ukikiondoa kitabu, mwalimu hukosa kazi, mwanafunzi hukosa sababu ya kupanda mlima, na baada ya vizazi viwili picha zitakuwa nyingi, wasomaji hakuna.

Yatuhusu nini haya sisi? Yatuhusu sana, kwa kuwa hoja ileile imetumika juu ya Kiswahili. Wanafunzi wetu wengi wanamaliza shule wakiamini kwamba lugha hii ilianza kuandikwa walipofika wamisionari. Ukweli ni kwamba Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728, na kuandikwa kwa herufi za Kiarabu kama zilivyoandikwa tenzi nyingine nyingi za pwani. Hati yake mashuhuri iko Hamburg. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalisalimika kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliyakusanya, akayaeleza maana, na kumpa William Taylor. Makaratasi ya Taylor yako London. Diwani ilipochapwa mwaka 1940, jina lililotangulia kama mhariri lilikuwa la William Hichens. Ni wanafunzi wangapi wanaolijua jina la Mwalimu Sikujua? Huyu ndiye mtawa wetu, na tumemwacha nje ya mlango wa kitabu chake mwenyewe.

Kwa hiyo nina maneno matatu ya kusema. Kwanza, kilichochukuliwa kwa upanga au kwa hila na kirudi kwa wenyewe, na maneno ya kufuli bora yasikubaliwe kuwa jibu.

Pili, na neno hili nawaelekezea wenzangu wa maofisini: tusimwige tunayemlaumu. Ofisa atokaye mji mkuu akaingia nyumba ya bibi kizee wa Pemba, Kilwa au Siyu, akakichukua chuo cha tenzi alichoachiwa na babu yake, akakipeleka makumbusho bila hata stakabadhi, amefanya kile kile cha Sinai kwa kiasi kidogo. Nyumba ile ndiyo monasteri yetu. Na tupige picha, tuandike orodha kama ile ya hati za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyochapwa mwaka 1970, tumpe mwenye kitabu sanduku lisiloingia mchwa, na tumlipe heshima ya kumwita mtaalamu. Akipenda kukitoa kwa hiari yake, na apewe hati yenye sahihi.

Tatu, nawageukia walimu. Herufi za Kiarabu zilizoandikia Kiswahili kwa karne kadhaa zinasomwa leo na watu wachache, na wengi wao ni wazee. Kijana mwenye akili anaweza kufundishwa kuzisoma kwa muda mfupi, na wengi wamekwisha kuzipata chuoni wakiwa wadogo bila kuambiwa kwamba ndizo ufunguo wa fasihi yao. Shule ya sekondari yenye mwalimu mmoja wa kazi hiyo na wanafunzi watano walio tayari itafanya jambo ambalo nyumba za vitabu za Ulaya, kwa utajiri wake wote, haziwezi kutufanyia. Waanze na hati moja ya mtaa wao: waombe ruhusa kwa mwenyewe, waisome mbele yake, wainakili kwa mkono, wamrudishie, kisha wamwulize maana ya maneno wasiyoyajua. Wafanye hivyo mwaka huu, maana wazee hao hawangoji mitaala.